Kukodi au kununua ndege binafsi ya kabini kubwa? Mlioifanya hii kazi naomba mwongozo

mratibu_safari:

Wakuu salaam. Mimi naratibu safari za viongozi kwenye kampuni moja ya familia. Mwenyekiti wetu ni mzee anayesafiri sana, kwa mwaka tunakodi ndege jumla ya saa 150 hivi, mwaka wa shughuli nyingi inakaribia 200. Abiria ni watu 6 mpaka 9, safari nyingi ni za saa tatu nne ila kila baada ya muda zinakuja zile ndefu za kuvuka bahari, saa 11 au 12 angani, na hapo mzee anataka alale kitandani usiku kucha akishuka aingie kikaoni moja kwa moja.

Sasa amechoka na bili za kukodi, kila bili inakuja na nyongeza ambayo hatukuambiwa mwanzo. Dalali mmoja kamletea ofa ya Gulfstream G550 iliyotumika, mwingine anamshauri achukue Bombardier Global 6000, mwanae yeye anaipenda Dassault Falcon 8X kwa sababu ina injini tatu. Na huyu dalali wa kwanza anasisitiza kwamba siku ambazo hatuitumii tutaikodisha kwa watu na itajilipa yenyewe.

Nimeambiwa niandike karatasi fupi ya ushauri kabla ya kikao cha bodi. Naombeni mnisaidie, je kwa matumizi haya kununua kuna maana au tuendelee kukodi tu ila kwa akili zaidi? Na hizo ndege tatu zinatofautianaje kiukweli, siyo kwenye vipeperushi? Nawasilisha.

rubani_wa_usiku:

Mkuu, umeanza na majina ya ndege, mi nakuomba uanze na ratiba. Chukua safari zote za mwaka uliopita uziandike moja moja, ilitoka wapi ikaenda wapi, abiria wangapi, mizigo kiasi gani, mwezi gani, na njia ya kurukia ya kila uwanja ina mita ngapi. Hiyo karatasi ndo itakayochagua ndege, na mara nyingi inachagua tofauti kabisa na alivyodhani mwenye hela.

Hapo kwenye masafa kuwa makini mno. G550 inatangazwa maili za baharini 6,750, Falcon 8X 6,450, Global 6000 zile 6,000. Mtu akiangalia haraka anasema G550 imeshinda. Lakini hizo 6,750 za G550 na hizo 6,450 za Falcon zimepigiwa hesabu kwa Mach 0.80 (yaani asilimia 80 ya mwendo wa sauti), wakati 6,000 za Global ni kwa Mach 0.85. Ukiisukuma G550 kwa Mach 0.85 nayo inashuka hadi karibu na hapo hapo 6,000. Kwa hiyo mnalinganisha vitu visivyolingana, na mzee wako akiambiwa tupunguze mwendo ili tufike bila kutua njiani atauliza kwa nini hakuambiwa siku ya kununua.

Alafu hizo namba zote ni za abiria nane na hakuna upepo. Upepo upo. Ukielekea magharibi wakati wa baridi kaskazini ya dunia, wastani wa noti 60 (maili 60 za baharini kwa saa) wa upepo wa mbele kwenye safari ya saa 12 unakula zaidi ya maili 700 za masafa yako. London hadi New York ni kama maili 3,000, hiyo yoyote kati ya hizo tatu inaenda bila wasiwasi hata upepo ukiwa mbaya. London hadi Singapore ni karibu 5,900, hapo ndo watu wanaanza kutua njiani kuongeza mafuta ingawa kipeperushi kilisema inafika.

Kitu kingine ambacho dalali hakigusi ni muda wa marubani. Kwa sheria za Marekani za ndege za kukodi, marubani wawili mwisho wao ni saa 10 za kuruka ndani ya saa 24. Safari yako ya saa 12 haiendi na marubani wawili, lazima waongezwe na wawe na sehemu ya kupumzika, na wewe kama mkodishwaji utawalipia hao. Nchi nyingine zina namba zao ila wazo ni lile lile. Ukiwa na ndege yako mwenyewe sheria inaweza kukuachia nafasi zaidi, lakini mwili wa rubani hausomi sheria, uchovu ni ule ule, kwa hiyo ukipanga bajeti ya kununua usipange marubani wawili. Panga watatu au wanne, maana wanaumwa, wanaenda likizo, wanaenda simuleta, ile mashine ya mafunzo inayoigiza ndege.

Na njia ya kurukia. Hii nataka uielewe vizuri kwa sababu inagusa moja kwa moja swali lako la kukodi au kununua. Ndege ya jeti inayobeba abiria wa kulipa, Marekani na Ulaya, kwa kawaida inatakiwa ihesabike kuweza kutua na kusimama ndani ya asilimia 60 ya urefu wa njia. Uwanja wenye mita 1,800, opereta, yaani kampuni inayoendesha ndege za kukodi, anaruhusiwa kuhesabu 1,080 tu. Ndege ile ile, marubani wale wale, ikiruka kwa shughuli binafsi za mwenye nayo haibanwi na hesabu hiyo kwa namna ile ile. Ndo maana unakuta opereta anakwambia kiwanja fulani hawezi kwenda wakati ulishaona ndege ya aina hiyo hiyo imepaki pale. Hakudanganyi. Sasa kama mzee anapenda viwanja vidogo hilo liingie kwenye karatasi yako, lakini usiligeuze kuwa sababu ya kufuta tahadhari, ile asilimia 60 iliwekwa kwa ajili ya siku njia imelowa na rubani kagusa chini mita mia tatu mbele ya alipotaka.

hesabu_kwanza:

Naongezea upande wa hela maana nimekaa miaka kwenye usimamizi wa ndege za watu.

Gharama za ndege zina makundi mawili na watu wanayachanganya. Kuna zile zinazokuja hata ndege ikilala hanga mwaka mzima, mishahara ya marubani na mhudumu, mafunzo yao, bima, hanga, ada ya kampuni ya usimamizi, usajili wa ramani na data za angani, na ukaguzi unaoenda kwa kalenda siyo kwa saa. Na kuna zile za kila saa inayoruka, mafuta, mfuko wa injini (hela inayowekwa kwa ajili ya matengenezo yake), ada za kutua, huduma za uwanjani, hoteli za marubani. Ndege za ukubwa huu zinakunywa zaidi ya lita 1,000 za mafuta kwa saa, kiasi kinategemea ipi na uzito gani, Falcon 8X ndo inakunywa pungufu kati ya hizo tatu, lakini amini usiamini mafuta siyo yanayomtesa mwenye ndege. Kinachomtesa ni lile kundi la kwanza, kwa sababu linagawanywa kwa saa chache.

Kwenye biashara hii kuna vipimo ambavyo wengi tunavitumia. Chini ya saa 50 kwa mwaka kodi tu. Kuanzia 50 mpaka kama 200 angalia hisa ya ndege au kadi ya saa, yaani unalipia saa kadhaa mapema alafu unazitumia kidogo kidogo. Ukipita 200 na kitu, na ratiba yako inabadilika badilika, hapo kununua ndege nzima kunaanza kuingia akilini. Siyo sheria, ni kipimo cha kuanzia. Nyie mko pale pale mpakani, ndo maana kila dalali ana la kusema.

Hiyo habari ya hisa naona hujaitaja kabisa na mi ningeiweka kwenye karatasi. Mpango wa kuuziana ndege kwa hisa ulianza 1986 na NetJets, kampuni ambayo Berkshire Hathaway ya Warren Buffett iliinunua 1998. Unanunua kipande, mfano moja ya kumi na sita, inakupa saa 50 kwa mwaka, na hupewi lazima ndege ile ile bali ya aina ile. Faida kubwa kwa mtu wa safari za kwenda tu bila kurudi siku hiyo ni kwamba ndani ya eneo lao la huduma unalipia saa ambazo umekaa ndani, ndege kuja kukuchukua tupu ni juu yao. Hasara ni ada ya kila mwezi ipo palepale utumie usitumie, na ukitaka kutoka kabla mkataba haujaisha unauza kipande chako kwa bei wanayoikadiria wao.

Sasa hilo la kujilipa yenyewe. Hapana. Ukiiweka ndege yako kwa opereta aikodishe, kwanza yeye anachukua asilimia yake, mara nyingi karibu 15 ya bei ya kukodi, alafu kinachobaki ndo kinalipa mafuta, mfuko wa injini na kila kilichotumika kwenye safari hiyo. Kinachokufikia mfukoni kinasaidia kupunguza mishahara na hanga, basi. Hakirudishi hela uliyonunulia. Wakati huo huo saa za injini zinapanda, ngozi za viti zinachakaa, na siku ya kuuza mnunuzi anaangalia saa. Alafu kuna lile ambalo wenye ndege hulijua mwezi wa tatu, kwamba wateja wanataka kukodi siku zile zile ambazo mwenye ndege naye anataka kusafiri. Sikukuu, mikutano mikubwa, mwisho wa wiki. Mzee wako atavumilia kuambiwa ndege yako iko na mtu mwingine mpaka jumanne?

mratibu_safari:

Aisee nashukuru sana, hapo kwenye asilimia 60 nimeelewa kitu ambacho kimetugombanisha na opereta wetu muda mrefu. Mkuu hesabu_kwanza, hizo nyongeza kwenye bili za kukodi tunazizuiaje? Na kwa upande wa ufundi, hiyo G550 dalali anasema iko safi kabisa, nianze kuuliza nini?

hesabu_kwanza:

Nyongeza huzuii zote ila unaweza kuzifanya zisikushtue. Usikubali bei ya jumla ya mstari mmoja. Omba waandike saa za kuruka na abiria, saa za ndege kuja tupu na kurudi tupu, marubani kulala, ada za kutua na huduma za uwanjani, ongezeko la mafuta, kila kimoja na namba yake, na waandike kipi ni bei ya mwisho na kipi kitahesabiwa baadaye. Vya baadaye mara zote ni viwili vitatu. Kuondoa barafu kwenye mabawa, hiyo kwa ndege kubwa wakati wa theluji ni bili nzito na hakuna anayeweza kukuambia mapema itatumika lita ngapi za ile dawa. Na intaneti, maana kuna ndege mnalipia kwa data iliyotumika. Opereta mmoja alituletea bili ya intanet iliyoshangaza watu wote ofisini, kuja kufuatilia ni simu za abiria zilikuwa zinapandisha picha na kujisasisha zenyewe wote wamelala. Siku hizi namwambia mhudumu kabla ya safari, na abiria wanazima hayo mambo mlangoni.

Jambo la pili, uliza namba ya mkia wa ndege, yaani namba yake ya usajili, kabla ya kulipa, na iandikwe kwenye mkataba kwamba wakibadilisha ndege lazima ukubali kwanza. Madalali wengi wa kukodi hawana ndege hata moja, wanatafuta baada ya wewe kulipa. Ukishajua mkia unaweza kuuliza imetengenezwa mwaka gani, kabini imefanyiwa upya lini, bima yake ikoje na opereta ana ukaguzi gani wa nje wa usalama, kama wa Argus au Wyvern au ile IS-BAO.

fundi_wa_hanga:

Nimeona swali la G550 nikasema hapa sipiti.

Kwanza jueni kwamba G550 na Global 6000 zote zinatumia injini za familia moja, Rolls-Royce BR710. Kwa hiyo yule anayekwambia injini za hii ni bora kuliko za ile anakupotezea muda. Falcon 8X ina tatu za Pratt & Whitney Canada, ndogo zaidi, ni nzuri, ila kumbuka tatu ni tatu, mifuko mitatu ya kulipia na injini tatu za kukagua siku ya kununua.

G550 zilianza kukabidhiwa 2003 na za mwisho zimetoka 2021, kwa hiyo neno G550 peke yake halina maana yoyote, unaweza kuwa unaongelea ndege ya miaka zaidi ya ishirini au ndege changa. Swali la kwanza kabisa uulize, injini ziko kwenye mpango wa kulipia kwa saa? Kwa BR710 mpango wa Rolls-Royce unaitwa CorporateCare, kuna na wa kampuni ya JSSI. Mwenye ndege analipa kiasi kwa kila saa inayoruka na siku injini ikitaka kufunguliwa mpango unabeba mzigo. Ndege ambayo imelipiwa toka ikiwa mpya na ambayo haijalipiwa ni ndege mbili tofauti hata zikiwa zimetoka kiwandani wiki moja. Ukinunua isiyolipiwa, ama ulipie saa zote za nyuma ili uingie kwenye mpango, ama ubebe wewe mwenyewe siku injini itakapoharibika. Mara nyingi bei kuwa chini kwa namna ya kushangaza chanzo chake ni hapo. Na usiishie kuambiwa ndiyo ipo, omba barua kutoka kwa wenye mpango wenyewe kwamba malipo hayana deni na kwamba mkataba unahamia kwa mnunuzi.

Pili makaratasi. Nataka kuona vitabu vya ndege toka siku ya kwanza, vyote, kila kipuri chenye maisha ya kuhesabika kina karatasi yake, kila agizo la lazima la usalama limesainiwa lilifanyika lini na nani. Kitabu kimoja kikipotea thamani inaporomoka na huwezi kuirudisha, maana hakuna mtu anaweza kuapa kwamba kitu kilifanyika bila karatasi.

Tatu ukaguzi kabla ya kununua, na huo usifanyike kwenye karakana ambayo inaihudumia hiyo ndege kila siku. Siyo kwamba watu ni wabaya, ila fundi hawezi kukwambia kirahisi kwamba kazi yake ya mwaka jana ilikuwa mbovu. Mi mwenyewe nikipewa ndege ya kukagua naanzia jikoni na chooni. Tunatoa viti, tunafungua zulia, tunanyanyua mbao za sakafu chini ya jiko na chini ya choo, kwa sababu hapo maji, kahawa, juisi na ile dawa ya chooni vimekuwa vikidondoka miaka yote na hakuna anayeangalia. Juu unakuta mbao inang'aa kama kioo, chini reli za viti na fremu zimeota unga mweupe wa kutu ya alumini, ukigusa na kidole unabaki mkononi. Hiyo kukwangua na kutibu ni kawaida, lakini ikishakula kuingia kwenye fremu ndege inakaa hanga wiki nyingi. Ndipo naenda kwenye injini, tunaingiza ile kamera nyembamba ya boroskopu kupitia tundu za ukaguzi na kuzungusha shafti taratibu kwa mkono, bapa moja baada ya jingine, natafuta ncha zilizoungua na mipasuko, na mahali ambapo kitu kigumu kiligonga. Usikubali kuletewa picha za ukaguzi wa zamani. Uwepo, au mtu wako awepo.

Nne kalenda. Hizi ndege zina kazi kubwa zinazokuja kwa miaka hata kama haijaruka. Falcon 7X na 8X kuna ule ukaguzi mkubwa kila miaka 8, hizo nyingine nazo zina ya kwao, pamoja na kufungua mfumo mzima wa magurudumu. Muuzaji mjanja anauza miezi michache kabla. Ukijua tarehe unaiweka kwenye bei, na ukiwa unataka kubadilisha viti na rangi subiri ufanye vyote pamoja hapo hapo ndege ikiwa imefunguliwa.

Mwisho vifaa vya angani. ADS-B Out, kifaa kinachotangaza mahali ndege ilipo, ni lazima Marekani toka 1 Januari 2020 na Ulaya nayo ikafuata, kuvuka Atlantiki ya kaskazini kwa kimo kizuri angani unahitaji na mawasiliano ya data. Ndege nyingi zimeshafungwa, lakini ile ambayo imekaa muda mrefu mahali haijatumika, angalia.

dada_wa_mikataba:

Ndugu mratibu, mafundi na marubani wamemaliza upande wao, naomba nikuambie lile ambalo huwa linakuja kwangu likiwa limeshaharibika.

Swali la kisheria linalotangulia yote ni nani anayeendesha ndege. Siyo nani anaimiliki, nani anaiendesha, yaani nani ana mamlaka na wajibu wa kila safari. Kwa Marekani safari binafsi ziko chini ya Sehemu ya 91 ya kanuni za anga na za kukodi Sehemu ya 135, Ulaya opereta wa kibiashara lazima awe na cheti cha AOC, yaani cha opereta wa ndege. Sasa wazo la kawaida la wahasibu ni kwamba tufungue kampuni mpya, kazi yake imiliki ndege tu, iajiri marubani, alafu kampuni nyingine za familia ziwe zinailipa kila zikisafiri. Inaonekana safi. Kwa macho ya mamlaka ya Marekani kampuni hiyo inabeba watu kwa malipo, na haina cheti. Watu wazuri kabisa wanaingia kwenye huo mtego kwa sababu hakuna aliyewauliza wanasheria wa anga mapema, waliuliza wa kodi peke yao.

Na hili siyo la faini tu. Ajali ya Januari 2019 iliyomuua mchezaji mpira Emiliano Sala pamoja na rubani wake ilikuwa ndege ndogo ya injini moja, siyo jeti, lakini kisa chake kinatuhusu. Ndege haikuwa na ruhusa ya kubeba abiria wa kulipa, rubani alikuwa na leseni ya binafsi tu, na aliyeipanga ile safari alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2021. Bima inaandikwa kwa matumizi fulani. Ukitoka nje ya matumizi hayo unaweza kukuta huna bima kabisa siku unayoihitaji. Kwa hiyo hata kukodi, akitokea rafiki wa mzee akasema chukueni ndege yangu mnirudishie mafuta na kidogo cha juu, mwambieni asante hapana mpaka mtu wa sheria aone.

Kwenye kununua, fedha za amana zisiende kwa muuzaji wala kwa dalali. Zinakaa kwa mtu wa kati anayeaminika kwa pande zote, na barua ya nia iseme wazi kwamba zinarudi zote mkiikataa ndege baada ya ukaguzi. Utaratibu wa kawaida ni mnunuzi analipia ukaguzi, muuzaji anarekebisha yale yanayoizuia ndege kuwa salama kuruka, na hayo mapambo mnakubaliana. Dalali aandike anamfanyia kazi nani na analipwa na nani, maana kuna wanaonunua wao dakika ile ile na kukuuzia wewe, tofauti ya bei hutaiona popote.

Madeni pia. Chini ya Mkataba wa Cape Town wa 2001 kuna Rejista ya Kimataifa, iko Dublin, inaonyesha nani ana haki juu ya ndege. Tafuta mwili wa ndege kwa namba yake, na kila injini kwa namba yake, kwa sababu injini inahesabika kitu kinachojitegemea na inaweza kuwa na deni lake. Nimeona mwili safi na injini ya kulia ina mkopo. Alafu fanya utafutaji tena siku ya kulipa, ule wa mwezi uliopita hautoshi.

rubani_wa_usiku:

Nimependa hilo la nani anaendesha, na upande wa marubani lina sura yake. Mkinunua, nyie ndo mnakuwa kampuni ya ndege, ndogo lakini kamili. 31 Mei 2014 pale Bedford, Massachusetts, Gulfstream IV ya mtu binafsi ilishindwa kunyanyuka ikapita mwisho wa njia na watu wote 7 wakafa. Marubani walisahau kufungua kufuli ya usukani wa mabawa na mkia, ile inayowekwa ndege ikiwa imepaki upepo usiitikise. Walikuwa wazoefu, wameruka pamoja miaka. Wachunguzi walivyosoma data ya ndege wakakuta kwamba katika mipao 175 iliyotangulia, asilimia 98 hawakufanya ule ukaguzi kamili wa kusogeza usukani kabla ya kuruka. Hakuna aliyekuwa anawaangalia. Opereta mzuri wa kukodi ana mtu wa kusoma hizo data kila mwezi, mwenye ndege mmoja anaweza kuwa naye pia, lakini ni lazima aamue na alipie, wala isiwe kumpendeza bosi ndo kipimo cha rubani. Rubani wenu lazima aweze kumwambia mzee leo haturuki na kesho aendelee na kazi yake. Kama hiyo haiwezekani hapo kwenu, msinunue, kodini.

mratibu_safari:

Wakuu na dada nashukuru mno. Nimekaa jana na ratiba ya mwaka mzima kama mlivyosema. Kilichonishangaza, zile ndefu za saa 11 na kuendelea ni chache sana, hazifiki moja ya kumi. Nyingi ni za saa nne na watu saba. Kwa hiyo nafikiria kuandika kwamba tusinunue mwaka huu, tuchukue hisa au kadi ya saa kwa hizo fupi na ndefu tukodi moja moja. Mnaonaje? Ila kuna uwanja mmoja wa mlimani mzee anaenda kila kiangazi ambao kila opereta anautilia shaka.

hesabu_kwanza:

Hiyo ndo karatasi. Na kwa saa nne na watu saba hata hizo tatu zote ni kubwa kupita kazi, kabini ya upana kama ule ule utaipata kwenye Challenger 650 ambayo masafa yake ni maili 4,000 na mafuta yake ni pungufu sana. Ukikodi zile ndefu, kodi G550 safari moja na Global 6000 safari nyingine, usiku, mzee alale kweli. Global ni pana zaidi, ataisikia mabegani. Mkija kununua baadaye ataamua kwa mwili wake.

rubani_wa_usiku:

Naunga mkono. Huo uwanja wa mlimani niandikie urefu wa njia kwa mita, uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, na jotoridi la saa nane mchana kiangazi. Hewa ikiwa nyembamba na ya moto injini na mabawa vyote vinapoteza nguvu, mara nyingi kutua kunawezekana ila kuondoka na mafuta ya safari ndefu ndo hakuwezekani, kwa hiyo dawa inakuwa kuondoka alfajiri au kuruka na mafuta machache mkaongezee uwanja wa bondeni. Weka hizo namba tatu hapa nikupigie hesabu kwa Challenger na kwa G550.